Mkebe Useme Kilichomo

Jumapili, 6 Oktoba

Puf.

Ndiyo sauti yenyewe. Si mlio wa risasi. Ni kama mtu amepuliza mshumaa wa keki. Leo ni siku ya nane tangu niisikie na bado imo sikioni. Naisikia nikifunga mlango wa gari. Kanisani leo pasta alifunga kitabu cha nyimbo — puf — nikashtuka hadi Baba akanigeukia.

Niandike ilivyokuwa, labda itatoka.

Jumamosi ile tulikuwa uwanja wa shabaha: Baba, mimi, na Mzee Clete. Clete amekuwa akipiga shabaha na Baba tangu kabla sijazaliwa. Ndiye aliyenipigia simu chuoni mwishoni mwa Agosti. "Signe, njoo umwone baba yako. Si mgonjwa. Njoo tu." Nikaja kwa wiki moja. Sasa ni wiki ya tano, na tasnifu yangu imelala ndani ya begi kama nguo chafu.

Baba alishika rivolva yenye risasi alizojaza mwenyewe. Ya kwanza, ya pili, ya tatu — bati la shabaha likaimba. Ya nne: puf. Baba akakunja uso, kidole kikarudi tena kwenye kifyatulio. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. "Baba, acha!" Clete alikuwa kashamshika mkono.

Kila mtu anayejaza risasi nyumbani anajua maana ya sauti ile. Ganda halikutiwa baruti. Fataki peke yake — kile kikofia kidogo cha kitakoni — imekisukuma kichwa cha risasi, kikakwama ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unakupasukia mkononi.

Baba anajua kuliko wote. Miaka arobaini na mmoja anajaza, hajapata puf hata moja. Nusu ya wanaume wa wilaya hii wamefundishwa naye.

Clete akajaribu utani. "Verlin, siku hizi unajaza hewa? Unataka kulungu wafe kwa kucheka?" Baba akacheka. Kisha akaitazama ile rivolva, polepole, akauliza:

"Nani kajaza hizi?"

Clete hakutania tena. 


Jumatatu, 7 Oktoba

Baba kaenda kunyoa. Nikaingia stoo.

Zamani ilikuwa stoo ya Mama, ya chupa za matunda. Mama alipokufa, miaka mitatu iliyopita, Baba alihamishia vitu vyake humo kutoka gereji. Gereji hupata joto kiangazi na kuganda kipupwe. Baruti haipendi hivyo. Utotoni ilikuwa mwiko kugusa vitu vile peke yangu. Leo, na miaka yangu ishirini na saba, nilibisha hodi kwanza. Mjinga mimi.

Nilitegemea fujo. Nilikuwa nimejiandaa kwa fujo! Hakuna. Kabati lake la mbao nyembamba za msonobari, alilolichonga mwenyewe, na mikebe ndani yake imesimama kama kwaya. Fataki ziko ukuta wa pili, mbali na baruti, ndani ya pakiti zake zilezile za dukani; hajawahi kuzimwaga ndani ya chupa, maana zikigongana nyingi pamoja zinaweza kulipuka zote. Hakuna hita. Hakuna waya uliochubuka. Kila mkebe umeandikwa kwa kalamu nene: UMEFUNGULIWA, na tarehe.

Nikiwa na miaka tisa nilimuuliza kwa nini baruti haiwekwi kwenye sefu ya chuma pamoja na bunduki, si ndiyo salama? Alinionyesha kwa kijiti cha kiberiti na punje chache, uani, juu ya tofali. Iliungua tu, fuu, kama majani makavu. "Ikiwa wazi inaungua," akasema. "Ifungie ndani ya chuma, ikose pa kutokea, umetengeneza bomu. Ndiyo maana kabati liwe dhaifu, mama. Likizidiwa, liachie."

Kadi yake bado iko ukutani, herufi kubwa:

MKEBE MMOJA TU MEZANI.
MKEBE USEME KILICHOMO.
UKITOKA, CHOMBO KIWE TUPU.

Na chombo cha kupimia baruti, kile cha kioo kilichofungwa kwenye meza, hakikuwa tupu. Nusu yake punje za kijivu. Kando yake hapana mkebe.

Aliporudi nikamuuliza ni baruti gani. "Ya rivolva," akasema. Akamimina kahawa. "Au ile ya bunduki. Ngoja." Akaingia, akakitazama kioo muda mrefu. "Miwani yangu iko wapi?" Ilikuwa juu ya meza ya jikoni, anapoiacha kila siku. Nikamletea. Akaivaa, akainama. Punje hazina maandishi! Angesoma nini?

Kisha akafanya kile alichokuwa akitufundisha. Akamwaga yote kwenye sinia, akaninyooshea mkono twende. "Isiyo na jina si baruti tena," akasema. "Ni mbolea." Tukaitawanya chini ya mawaridi ya Mama, nyembamba kama chumvi juu ya nyama, tukamwagilia maji. Ndivyo amekuwa akifanya siku zote na baruti iliyozeeka. Mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba mawaridi yake yanalishwa na jeshi.

Nimefurahi mno. Bado anajua! Labda ni miwani tu. Labda inatosha kumpeleka apimwe macho upya.


Jumatano, 9 Oktoba

Si miwani.

Nilikuwa nafuta vumbi kwenye kabati. Nyuma ya mikebe, imeegeshwa wima, bahasha ya daktari wa ubongo wa mjini Billings. Barua ya mwezi wa tano, kuhusu kumbukumbu yake. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Maneno yote nayajua, shule imenipa maneno yote, wala hayakunisaidia.

Juu ya bahasha, kwa kalamu nene: IMEFUNGULIWA 14 MEI.

Kama mkebe.

Miezi mitano anajua, peke yake. Ameiweka mahali anapopaamini kuliko pote katika nyumba hii: pakavu, pa baridi, mbali na moto. Nikairudisha. Nikanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kama alivyotufundisha baada ya kugusa vitu vya humo. Kisha nikaenda kulia nyuma ya pikapu, maana dirisha la jikoni linaona kila mahali isipokuwa pale.


Ijumaa, 11 Oktoba

Nimemwambia nataka kujifunza kujaza risasi.

"Wewe? Msomi wangu? Vitabu vimekwisha huko?"

"Vimekwisha, Baba."

"Basi kanawe mikono, uvue hilo sweta la manyoya. Linapiga cheche. Unataka kutuunguza?"

Aling'aa. Miezi sijamwona aking'aa vile. Na mimi ni mwongo: sitaki kujifunza, nataka kukaa kando yake nimchunge. Msimu wa kulungu unafunguliwa Jumamosi ya tarehe ishirini na sita. Kila mwaka, kabla ya siku hiyo, anamjazia kila mtu wa nyumba hii boksi la risasi ishirini, na juu yake anaandika baruti gani, kiasi gani, tarehe gani, na neno moja la utani. Hakuna anayenunua risasi dukani katika ukoo wetu. Ingekuwa kama kununua mkate siku ya harusi ya mwokaji.


Jumanne, 15 Oktoba

Siku ya tano mezani. Niseme kweli: nimekuwa na furaha. Jambo baya la kuandika katika hali hii, lakini ndivyo.

Mikono yake haijasahau kitu. Mkono wa mashine unashuka, kacha, unapanda, kacha. Maganda ishirini yamesimama kwenye ubao wenye matundu. Akisha kuyatia baruti, namulika tochi ndani ya kila moja. "Ukiona moja iko juu au chini kuliko wenzake, mwaga zote. Usijadiliane nazo." Mimi nikishika ganda ananicheka. "Unashika kama umeshika panya mfu. Shika, binti! Haliumi." Nikamwambia hata panya mfu ana faida, hanisumbui na maswali. Akacheka mpaka akakohoa.

Leo, bila kuinua kichwa, akasema:

"Kuna barua nyuma ya mikebe."

"Nimeiona, Baba."

"Najua. Umeirudisha kichwa chini."

Mashine ikaendelea. Kacha. Kacha. 

"Kaka yako hajui," akasema. "Acha msimu upite kwanza."

"Sawa."

"Na siku ikifika. Wewe utaiona kabla yangu. Usinifungie mlango huu, mama. Fanyeni mtakavyofanya, lakini nisije nikasimama nje ya chumba changu kama mwizi. Wala usiniachie chumba kitupu. Nilishaona stoo hii tupu mara moja, baada ya mama yako. Inatosha."

"Sawa, Baba."

"Na usinidanganye."

"Sitakudanganya."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akaitikia kwa kichwa, akachukua ganda jingine, akalipuliza vumbi. Baada ya dakika tano akaniuliza kama Mama amesharudi kutoka kanisani.


Alhamisi, 17 Oktoba

Sijui nianzie wapi. 

Asubuhi, tukinywa uji wa shayiri, Baba mchangamfu. "Mwaka huu Britta anapiga kulungu wake wa kwanza." Britta ni binti wa kaka yangu Karsten, ana miaka kumi na miwili, msimu wake wa kwanza. "Nimemjazia nyepesi. Zisimuumize bega."

"Umemjazia lini?"

"Ah, zamani. Kabla hujaja. Karsten kashazichukua."

Kabla sijaja. Peke yake.

Risasi nyepesi! Alinieleza mwenyewe juzi, kwa sauti ile ya mwalimu. Ukijaza ya kawaida, ganda linajaa karibu hadi shingoni; ukikosea ukatia mara mbili, baruti inamwagika mezani, unaona. Nyepesi ni baruti nyingine, kali, ya kuwaka haraka, tena kidogo tu, iko chini kabisa kama sukari kwenye sakafu ya gunia. Ukitia mara mbili ganda linapokea tu, halisemi kitu. Bunduki inapasuka. "Ndiyo maana nyepesi huzijaza na miwani na tochi," akasema, "tena siku ambayo sina mawazo."

Na puf ni ganda alilolipita bila kulitia. Mtu anayepita ganda moja anaweza kurudi jingine mara mbili.

Nikampigia Karsten kutoka kwenye gari.

"Signe, usianze."

"Leta hilo boksi nilipime. Ni hilo tu."

"Baba ananijazia tangu nina miaka kumi na miwili. Hajakosea hata mara moja."

"Kakosea mwezi uliopita. Muulize Clete."

"Anazeeka. Mnunulieni miwani. Wewe umekaa mjini miaka saba unasomea matope ya mito, leo umekuwa bingwa wa baruti? Mtoto kaandika jina lake kwenye boksi, analiweka kando ya kitanda. Nikamnyang'anye nimwambie nini? Babu yako kichaa?"

Nikamwambia habari ya barua.

Niliahidi Jumanne. Nimevunja Alhamisi.

 Nilisikia mbwa wake wakibweka, na mlango, na pumzi. Kisha: "Njoo Jumamosi na mizani."


Jumamosi, 19 Oktoba

Maili arobaini. Upepo ulikuwa ukiisukuma pikapu upande. Britta na mama yake walikuwa wamekwenda mjini kumnunulia kizibao cha rangi ya chungwa cha kuwindia. Karsten alipanga iwe hivyo.

Meza ya jikoni. Mizani ya Baba. Boksi. Juu yake, mwandiko wake: KWA BRITTA. NYEPESI. BEGA LA BABU NALO LILIWAHI KUWA DOGO. 3 SEPTEMBA.

Nikapima moja moja. Zilipishana unywele tu, kama inavyotakiwa. Ya nane, ya tisa. Ya kumi na mbili Karsten akaegemea kiti. "Unaona?" Ya kumi na tano akasimama akamimina kahawa, akaanza kunieleza habari za ngano yake. Na mimi nikaanza kuona haya. Nilishapanga maneno ya kuomba radhi.

Ya kumi na saba.

Nikaitoa, nikairudisha. Mara tatu. Karsten akasema labda ganda lenyewe ni nene.  Nina ile nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa; unalitia ganda ndani yake, unagonga ubao. Nikagonga. Pigo la kwanza, la pili, la tatu — kichwa kikatoka. Nikamwaga baruti kwenye kisahani. Nikang'oa nyingine, ya kawaida, nikamwaga kando yake.

Vilima viwili vya kijivu. Kimoja mara mbili ya mwenzake, sawasawa.

 Bunduki ya Britta ilikuwa imeegemea kona. Fupi, ameifunga utepe wa manjano. Karsten akaenda akaweka kiganja juu ya kitako chake, pale mtu anapolaza shavu anapolenga. Akakiacha kiganja pale.

Kisha akatoka nje. Nilimwona dirishani, ameinama, mikono magotini, mbwa wanamzunguka wakidhani ni mchezo.

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. "Asijue," akasema. "Baba asijue kamwe. Siku atakapojua hilo ndiyo atakufa."

Nikasema sawa. Hiyo nayo ni ahadi, na inagombana na ile nyingine.

Njiani kurudi nilikuwa nikifikiri jambo moja tu. Asingempenda, angemjazia za kawaida. Za kawaida zingemwagika mezani, angeona. Ni kwa sababu ya lile bega.


Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya kanisa nilipika zile chapati za viazi za Mama, kwa siagi na sukari. Baba kala tano. Kauliza, Britta kalipenda boksi lake? Nikasema kalipenda sana.

Si uongo. Kweli kalipenda.

Ni uongo.


Jumanne, 22 Oktoba

Karsten kaja na sefu ya chuma mgongoni mwa pikapu. Mpango wake: kila kitu cha stoo kitiwe humo, afunge, aondoke na ufunguo.

Nikasimama mlangoni. "Bunduki sawa. Baruti si humo."

"Basi niambie pa kuitia!"

"Baruti ndani ya chuma, Karsten? Umelelewa nyumba gani?"

"Ile ile uliyoikimbia."

Tuligombana kwa kunong'ona, uani, kama watoto walioiba biskuti. Baba alikuwa dirishani akitupungia mkono. Kisha akatoka na soksi tu, bila viatu.

"Sefu ya nini?"

Karsten akajibu: "Ya bunduki zako, mzee. Nitakutunzia kwangu msimu huu."

"Bunduki haya. Lakini baruti usitie humo, bwege wewe, utajilipua." Akampiga kofi la mgongo, akacheka. "Mara ngapi nimewaambia? Kabati liwe dhaifu."

Hilo analikumbuka! Jina la jirani limempotea, ametafuta soksi zake akiwa amezivaa, lakini hilo liko pale pale, limesimama kama mkebe. Karsten akageukia pikapu akajidai anakaza kamba.

Bunduki zimekwenda. Baba aliziachia kirahisi kuliko nilivyoogopa. Alipokuwa akipanda ngazi alisimama, akanitazama mimi, si Karsten.

"Na mlango wa stoo?"

"Uko wazi, Baba."

Jikoni, Karsten alizungumza na sinki badala ya mimi. Alisema kuna njia. Toa baruti ya kweli, tia kitu kingine mikebeni, acha karatasi za majina zilezile juu yake. Mikono yake itaendelea, hatajua, kila mtu atalala. "Ni huruma, Signe," akasema. "Siyo udanganyifu. Huruma."


Alhamisi, 24 Oktoba

Imefanyika.

Karsten alimchukua Baba saa nne kwenda kumtazama Britta akicheza voliboli shuleni. Clete akafika gari lao lilipotokomea barabarani. Tulifanya kazi kama Baba anavyotaka kazi ifanywe, hatukuharakisha. Fataki kwanza, ndani ya pakiti zake, safari ya peke yake hadi kwa Clete. Alikwenda polepole kama aliyebeba mayai. Safari ya pili, mikebe ambayo haijafunguliwa. Ana kabati la mbao, alifundishwa kulichonga na Baba. Na maboksi yote yaliyojazwa tangu kiangazi, likiwamo tulilojaza pamoja, mimi na Baba. Hilo nilimpa la mwisho. Atazing'oa vichwa risasi moja moja.

Clete alirudi mara ya tatu ingawa hakukuwa na kitu cha kubeba. Akasimama mbele ya ile kadi ya ukutani, kofia mkononi. Nikamwambia aichukue. "Thubutu," akasema. "Hiyo ni ya humu." Akajifuta pua kwa kofia. "Unajua alinifukuza mara ya kwanza? Niliingia na sigara. Alinitukana mpaka nikaipenda." Akaondoka bila kuaga.

Mikebe sita ilikuwa imefunguliwa. Nikaibeba mmoja mmoja hadi kwenye mawaridi ya Mama. Yameshakatwa, yamefunikwa majani makavu kwa ajili ya baridi. Nikayafunua, nikatawanya, nyembamba, nikisogea, nikarudi na maji. Nilichukua saa nzima. Harufu ile kali kama dawa ya rangi ya kucha. Mkebe wa mwisho umeandikwa UMEFUNGULIWA 2 APRILI. Kabla ya barua.

Kisha nikarudi stoo na haikuwezekana. Kabati tupu. Rafu nyeupe mahali vitako vya mikebe vilipokuwa. Aliniomba jambo hilo kwa maneno.

Kwa hiyo nilichukua ule mfuko wa haradali nyeusi tuliopewa na jirani wakati wa mavuno. Punje zake ndogo, za mviringo, zinateremka kwenye kioo vizuri kama baruti. Nikaujaza mkebe wa kwanza, wa pili, hadi wa sita. Kosa kubwa kuliko yote katika chumba hiki: kutia kitu kingine ndani ya mkebe wa baruti. Nilijua nafanya nini. Bila fataki hakuna kitakacholia, hata angefanyaje. Amebaki na maganda yake, vichwa vyake, mashine yake. Hakuna wa kuumia. Karsten alikuwa na haki, ingetosha kuishia hapo.

Nikashika kalamu nene. Nilisimama nayo mpaka mkono ukachoka.

Nimemvunjia ahadi ya barua. Habari ya Britta nitakufa nayo. Lakini mkebe siwezi. Nikakata jina la baruti kwenye kila mmoja, mstari mmoja ulionyooka, nikaandika chini yake:

MBEGU ZA HARADALI. ZIMETIWA 24 OKTOBA. SIGNE.

Mara sita. Barua nikairudisha nyuma yake, kichwa juu. Mlango nikauacha wazi.

Wamerudi saa nane. Karsten hakuingia. Baba kanywa kahawa, kasema Britta anaruka kama mbuzi. Kisha kajinyoosha. "Nina za Jumamosi za kumalizia." Akaenda.

Mimi niko jikoni. Nasikia kabati likifunguka. Mkebe umewekwa mezani — mmoja tu. Sasa mbegu zinateremka kwenye kioo, kama manyunyu juu ya bati. Mkono wa mashine: kacha. Kacha. Ameanza kupiga mluzi, ule wimbo wake wa kila mara.

Hajasoma.

Miwani yake iko hapa, meza ya jikoni, kando ya daftari hili. Ameiacha kama kila siku.

Ningeweza kuiacha. Angepiga mluzi leo, na kesho, na kipupwe kizima pengine, akijaza haradali kwenye maganda kwa ajili ya watu wote anaowapenda. Nani angeumia? Nimekuwa nikiandika mistari hii yote ili nisiitazame hiyo miwani. Kioo cha kushoto kina alama ya kidole gumba.

Nimeifuta kwa pindo la shati. Nimesimama, nimekwenda, nimerudi.

Nimempelekea. Nimeiweka kando ya mkebe, upande wa maandishi. Kasema, "Asante, mama," bila kuinua kichwa.

Bado anapiga mluzi.